Msiusamehe Uvimbe wa Kuzaliwa Nao

Mwambie mtu wa makamo kwamba nyuma ya puru yake, mbele ya kifandugu, kuna kifuko cha ute alichozaliwa nacho, kisha sikiliza atakavyofarijiwa. Ndugu watamwambia kuwa kama amefika miaka 45 nacho, basi kimeshamzoea naye kakizoea. Jirani atamkumbusha kwamba usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Na daktari mwenye foleni ndefu nje ya mlango atasema jambo lile lile kwa lugha ya kitaalamu: ni kivimbe cha kuzaliwa nacho, si saratani, hakina haraka, ukipata maumivu urudi.

Napinga faraja hiyo. Napinga zaidi ile ya daktari kuliko ile ya jirani, kwa sababu ya jirani ni upole tu, lakini ya daktari mgonjwa huondoka nayo akiichukua kuwa ni matokeo ya kipimo. Kifuko cha aina hii kinaweza kuota saratani ndani yake. Si jambo la kukisia. Limeonekana chini ya darubini katika hospitali za nchi nyingi, kwa watu waliokaa na vifuko hivyo miaka nenda miaka rudi bila habari. Kuzaliwa na kitu kunatuambia kilikotoka tu. Anayetumia asili ya uvimbe kama ushahidi wa tabia yake anampotosha mgonjwa, hata kama nia yake ilikuwa kumtuliza.

Tuanze na mahali penyewe, maana ubishi mwingi juu ya jambo hili unatokana na kutopajua. Kati ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na mfupa wa sakramu pamoja na kifandugu chake, kuna nafasi nyembamba. Juu imefunikwa na utando wa tumbo, chini imezibwa na misuli ya sakafu ya nyonga. Ndani yake mna mafuta, mishipa ya damu, na mishipa ya fahamu inayotawala mkojo, haja kubwa na tendo la ndoa. Haionekani kwa nje, haifikiwi kwa kubonyeza tumbo, na uvimbe unaokua humo unaweza kujisogeza taratibu kwa miaka mingi kabla haujambana mtu. Kwa hiyo ukimya wake hausemi lolote kuhusu usalama wake. Unatueleza tu kwamba umekaa mahali penye nafasi ya kujificha.

Sasa asili. Katika wiki ya tano ya ujauzito kiinitete cha binadamu kina mkia, na utumbo unaingia ndani ya mkia huo, kupita pale ambapo baadaye patatokea njia ya haja kubwa. Kufikia wiki ya nane mkia umesinyaa na kipande hicho cha utumbo kimetoweka. Kwa watu wachache hakitoweki chote. Mabaki yake hujifunga na kuwa chumba kisicho na mlango: kuta zinaendelea kutoa ute kama utumbo mwingine wowote, na ute hauna pa kutokea. Hicho ndicho kifuko cha utumbo-mkia, na hukutwa zaidi kwa wanawake kuliko wanaume, kwa kawaida wakiwa wamevuka miaka 30. Katika nafasi hiyo hiyo hupatikana pia vifuko vilivyotokana na ngozi iliyonasa ndani wakati mwili unajiunda, uvimbe wa teratoma, na kifuko cha utando wa uti wa mgongo kilichochomoza kupitia tundu la mfupa. Majirani hawa hawafanani kwa hatari wala kwa tiba, na nitarudi kwao.

Tazama basi ukuta wa kifuko cha utumbo-mkia chini ya darubini. Hukuti kovu, hukuti kitu kilichokufa. Unakuta tishu hai ya utumbo: mahali pengine seli ndefu zinazotoa ute, mahali pengine seli bapa kama za ngozi, mahali pengine seli kama za njia ya mkojo, zote katika kifuko kimoja, na chini yake nyuzi za misuli laini zilizokaa bila mpangilio. Zimo hata seli zinazotengeneza homoni, zile zinazopatikana kila mahali katika utumbo wa kawaida. Seli hizi zinazaliwa, zinagawanyika, zinakufa, na nyingine zinachukua nafasi zake, kila siku, kwa miaka yote ambayo mwenye mwili amekuwa akijihesabu kuwa mzima. Anayesema kifuko kimelala hajakitazama. Na pale seli za utumbo zinapogawanyika kwa miongo kadhaa, ndani ya ute uliotuama na pengine baada ya kuambukizwa mara kadhaa, kuna nafasi ya kosa. Hapo hoja ya kwamba umri mrefu wa kifuko ni dhamana inageuka na kumlemea aliyeitoa, kwa kuwa miaka hiyo 45 ndiyo muda ambao seli zimekuwa zikigawanyika.

Saratani zinazozuka humo ni hasa za aina mbili. Ya kwanza ni adenokasinoma, inayotokana na seli za tezi zinazotoa ute, ndugu wa karibu wa saratani ya kawaida ya utumbo mpana. Ya pili ni uvimbe wa nyuroendokrini, unaotokana na zile seli za homoni, ambao kwa muda mrefu uliitwa kasinoidi. Huu wa pili hukua polepole, na polepole yake imewadanganya watu wenye akili kuliko mimi. Siegfried Oberndorfer, mpatholojia wa Munich aliyeupa jina hilo mwaka 1907, aliamini wakati ule kuwa hauna madhara. Mwaka 1929 alisahihisha maandishi yake na kueleza kwamba unaweza kuwa saratani na kusambaa. Ilimchukua zaidi ya miaka 20, naye alikuwa anautazama kwa darubini. Sisi tunaoutazama kwa macho matupu, au tusioutazama kabisa, tunapata wapi ujasiri wa kumwambia mgonjwa hakina neno?

Wanaotetea kusubiri wana takwimu yao, nayo ni ya kweli. Mwaka 1988 Hjermstad na Helwig, wa Taasisi ya Patholojia ya Jeshi la Marekani, walichapisha uchambuzi wa vifuko 53 vya utumbo-mkia. Karibu nusu ya wagonjwa hawakuwa na dalili yoyote, na saratani ilipatikana kwa mmoja tu. Mmoja kati ya 53, wanasema, ni hatari ndogo mno ya kumpeleka mtu kwenye kisu. Lakini mwaka 2010 madaktari wa Mayo Clinic waliwachambua wagonjwa wao 31, na wanne walikuwa na saratani, watatu adenokasinoma na mmoja kasinoidi. Hiyo ni zaidi ya mmoja kati ya kila wanane.

Namba zote mbili zina kasoro moja. Zimetoka katika taasisi zinazoletewa kesi kutoka mbali, na kesi zinazosafirishwa mbali huwa ndizo zilizowashinda wengine. Mtu mwenye kifuko kidogo anayeishi na kufa bila kujua hahesabiwi popote. Nakubali hayo yote. Lakini daktari haketi mbele ya wagonjwa 53, anaketi mbele ya mmoja, na swali la mmoja huyo si kiwango cha wastani. Anauliza kilichomo ndani ya kifuko chake yeye, na swali hilo halina kipimo cha nje kinacholijibu kikamilifu. Picha ya MRI inaweza kuonyesha ukuta ulionenepa au kipande kigumu kinachovuta dawa ya picha, na hapo shaka inakuwa kubwa. Ikionyesha kifuko kilichojaa maji safi, inatuambia kwamba hakuna kilichokuwa kikubwa kiasi cha kuonekana. Kasinoidi nyingi za vifuko hivi ziligunduliwa na mpatholojia baada ya upasuaji, mahali ambapo hakuna aliyetegemea kuziona. Kwa sababu hiyo nasema takwimu ndogo haimpi daktari ruhusa ya kutoa hukumu ya kuachilia.

Wala kifuko hiki si cha pekee katika jambo hili. Korodani isiyoshuka ni hali ya kuzaliwa nayo, na kila daktari wa watoto anajua kwamba inaongeza hatari ya saratani ya korodani mtu akishakuwa mkubwa. Kivimbe cha shingoni kinachobaki pale tezi ya thairoidi ilipopita wakati wa kushuka nacho huota saratani mara chache, na tangu Sistrunk aeleze upasuaji wake mwaka 1920 madaktari hukiondoa pamoja na kipande cha kati cha mfupa mdogo wa shingo ili kisirudi. Mfereji wa nyongo uliotanuka tangu kuzaliwa huondolewa mapema kwa sababu saratani humfuata mwenye nao kadiri miaka inavyokwenda. Katika hizo zote tiba ya kisasa imekwisha kukata shauri kuwa mabaki ya uumbaji hayana kinga ya kudumu. Kwa nini kifuko cha nyuma ya puru kipewe msamaha ambao wenzake wamenyimwa? Nimetafuta sababu ya kitabibu sijaiona. Naiona sababu nyingine: kipo mahali ambapo watu wanaona haya kupataja, achilia mbali kupachunguza.

Haya hiyo inajificha nyuma ya hoja ya pili, inayosemwa na watu wazito zaidi. Hoja yenyewe ni kwamba ugonjwa huu ni adimu. Huko Mayo Clinic, jimbo la Minnesota, uvimbe wa nafasi hii umekadiriwa kuwa mmoja kwa kila wagonjwa 40,000 wanaolazwa. Nchi zetu zina malaria, kifua kikuu, saratani ya mlango wa kizazi. Mwanafunzi wa udaktari ana mambo ya kutosha ya kukariri. Kwa nini apewe na hili?

Ningeinyamazia hoja hii kama kulitambua tatizo hili kungehitaji fedha za kununulia mashine. Hakuhitaji. Jao na wenzake, katika ripoti yao ya mwaka 1985 kuhusu wagonjwa 120 waliotibiwa Mayo Clinic kati ya 1960 na 1979, walieleza kuwa uvimbe uliweza kuguswa kwa kidole kupitia puru katika asilimia 97 ya wagonjwa. Asilimia 97, kwa kidole. Hapo hakuna umeme unaotakiwa, wala rufaa, wala kibali cha bima. Kinachotakiwa ni glavu, mafuta ya kulainisha, pazia, dakika mbili, na daktari aliyefundishwa kwamba baada ya kupapasa mbele anageuza kidole na kupapasa nyuma, akitafuta kitu laini kinachosukuma ukuta wa puru kutoka upande wa kifandugu. Kifuko kilicholegea kinaweza kumponyoka asiye makini, lakini asiyeingiza kidole kabisa kitamponyoka chochote kile, kiwe laini kiwe kigumu. Kidole hicho hicho ndicho kinachogundua saratani ya puru na tezi dume lililovimba, magonjwa ambayo hakuna atakayethubutu kuyaita adimu. Anayekataa kufundisha kipimo hiki kwa sababu kifuko ni nadra anawanyima wagonjwa wa magonjwa ya kawaida vile vile.

Nawaambia waalimu wa vyuo vya afya, kutoka Muhimbili hadi Makerere: mwanafunzi hahitaji mhadhara mzima juu ya utumbo-mkia. Anahitaji kuzoea kufanya kipimo cha kidole bila kuona aibu na bila kumtia mgonjwa aibu. Amweleze mgonjwa kwanza atakachofanya, amlaze kwa ubavu wa kushoto, amfunike, na akiwa mgonjwa ni mwanamke awepo muuguzi wa kike chumbani. Tukifanikiwa katika hilo, vifuko vitajitokeza vyenyewe.

Tusipofanikiwa, yatatokea yale yaliyoandikwa na madaktari wa upasuaji wa Chicago mwaka 2003. Walikuwa na wagonjwa saba wenye vifuko vya nyuma ya puru. Kabla ya kufika kwao, wagonjwa hao walikuwa wameshatibiwa fistula, majipu, maumivu ya mgongo, maumivu yaliyodhaniwa kubaki baada ya kujifungua, hata maumivu yaliyodhaniwa kuwa ni ya akilini. Kwa wastani kila mmoja alikuwa amefanyiwa taratibu za upasuaji zaidi ya nne kabla ugonjwa haujajulikana. Hiyo ni Chicago, penye mashine za kila aina.

Kwetu njia ni ile ile, majina tu ndiyo tofauti. Mwanamke anayelalamikia uzito sehemu ya chini ya kiuno, haja kubwa inayotoka kwa shida na maumivu akikaa muda mrefu, ataambiwa ni chango. Mwanamume ataambiwa ni ngiri au bawasiri. Watakunywa dawa za miti shamba, kisha za dukani, kisha kifuko kitaingia vijidudu na kuvimba, na hapo kwa mara ya kwanza kitapata jina la hospitali: jipu. Jipu litapasuliwa, usaha utatoka, maumivu yatapoa, mgonjwa ataaga kwa shukrani. Baada ya miezi litarudi pale pale. Litapasuliwa tena.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo madhara yanapofanyika kwa mkono wa mtu. Jipu linalorudi mahali pale pale nyuma ya njia ya haja kubwa si jipu la kawaida mpaka lithibitishwe. Fistula ambayo daktari anaitafutia mlango wa ndani haoni ni fistula ya kutiliwa shaka. Kijishimo kidogo kwenye ngozi, katikati kabisa nyuma ya njia ya haja kubwa, ni alama ya kuzaliwa nayo inayostahili kuulizwa. Kila kisu kinachopasua kifuko bila kukitambua kinaacha ukuta wake ndani, kinaleta kovu linaloshikamanisha puru na mfupa, na kama saratani ilikuwa imeanza, kinaimwaga nje ya kuta zilizokuwa zikiizuia. Daktari bingwa atakayempokea mgonjwa huyo baada ya visu vinne hapati tena upasuaji ule ule ambao wa kwanza angeufanya. Anapata mgumu zaidi, wenye damu zaidi, na wenye uwezekano mkubwa zaidi wa kuacha kipande.

Sindano nayo ina hatari yake. Wapo wanaodhani njia ya busara, ya katikati, ni kuchoma sindano kupitia puru, kuvuta maji na kuyapeleka maabara. Busara hiyo haipo. Sindano inayopita kwenye puru inabeba vijidudu vya haja kubwa na kuviingiza katika kifuko kilichokuwa safi. Kikiwa ni kile kifuko cha utando wa uti wa mgongo, njia inakuwa imefunguliwa kwa vijidudu kufika kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo na ubongo, na homa ya uti wa mgongo inayofuata inaweza kuua. Hata sindano isipoleta madhara, inachota sehemu moja ya ukuta wenye sehemu nyingi zisizofanana, kwa hiyo jibu la kwamba hakuna saratani ni jibu la sehemu hiyo tu. Kipimo cha kinyama kina nafasi yake pale picha inapoonyesha uvimbe mgumu usioeleweka, na hapo kichukuliwe kupitia ngozi ya nyuma, kwa njia itakayoondolewa pamoja na uvimbe wakati wa upasuaji. Hakina nafasi kwa kifuko cha maji kitakachoondolewa hata hivyo.

Hoja yenye uzito kuliko zote nimeiweka hapa kwa sababu inastahili jibu la kutulia. Wapo madaktari wa upasuaji, wajuzi na waangalifu, wanaosema kwamba eneo hili ni la hatari, kwamba puru inaweza kutoboka, kwamba mishipa ya fahamu ikijeruhiwa mgonjwa anaweza kubaki na shida ya mkojo, haja kubwa au tendo la ndoa, na kwamba kumtia mtu asiye na dalili katika hatari hiyo kwa ajili ya saratani ambayo pengine haitatokea ni kumdhulumu. Hawasemi uongo. Yote hayo hutokea.

Lakini hoja yao inahusu nani anapasua na wapi, haihusu kama kifuko kipuuzwe. Tangu Paul Kraske aeleze mwaka 1885 njia ya kuifikia puru kutoka nyuma, kwa kuondoa kifandugu na sehemu ya chini ya sakramu, ujuzi wa eneo hili umeendelea. Kwa kanuni iliyozoeleka, kifuko kilicho chini ya usawa wa kipande cha tatu cha sakramu hufikiwa kwa nyuma, kilicho juu yake hufikiwa kupitia tumboni, siku hizi mara nyingi kwa matundu madogo na kamera, na kikubwa kinachovuka mpaka huo huhitaji njia zote mbili. Uamuzi huo hauwezi kufanywa bila picha nzuri, na MRI ndiyo inayoonyesha vizuri uhusiano wa kifuko na mfupa, puru na mishipa ya fahamu. Mashine hizo kwetu ziko katika hospitali kubwa chache, nyingi mijini, kwa hiyo mgonjwa wa Kigoma au Lodwar atasafiri. Asafiri. Safari moja yenye picha na daktari aliyewahi kufanya upasuaji huu ni nafuu kuliko majipu manne yaliyopasuliwa karibu na nyumbani, hata ukihesabu nauli na malazi ya ndugu anayemsindikiza.

Wapo pia ambao upasuaji haufai: mzee mwenye moyo dhaifu, mtu mwenye ugonjwa mwingine utakaomwondoa mapema, pengine na mtu mwenye kifuko kidogo mno, chembamba ukuta, ambaye ameelezwa yote na akachagua kusubiri. Huyo nampa haki yake. Ninachodai ni kwamba kusubiri kwake kuandikwe kama tiba: picha ya kwanza ihifadhiwe, tarehe ya picha ya pili itajwe, na aambiwe wazi dalili zitakazomrudisha kabla ya tarehe. Kauli ya "ukiumwa urudi" haina hata kimoja kati ya hivyo. Saratani ya ndani ya kifuko inapoanza kuuma, mara nyingi ni kwa sababu imeshatoka nje ya kuta na kugusa mfupa au mishipa ya fahamu. Wakati huo hakuna matibabu ya dawa yaliyothibitishwa kwa majaribio makubwa mahususi kwa ugonjwa huu, kwa kuwa wagonjwa ni wachache mno. Madaktari huazima dawa na mionzi kutoka tiba ya saratani ya puru na ya vivimbe vya nyuroendokrini vya sehemu nyingine. Upasuaji unaoondoa kifuko kizima, kikiwa hakijapasuka, ndio wenye matumaini, na ndio ambao kusubiri kiholela kunauharibu.

Kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa kuna sababu ya ziada inayosahaulika katika ubishi huu. Kifuko kikubwa mbele ya sakramu kinaweza kuzuia kichwa cha mtoto kushuka wakati wa uchungu. Kukigundua siku hiyo, usiku, katika zahanati isiyo na chumba cha upasuaji, ni kuhatarisha maisha mawili. Anayemshauri msichana wa miaka 24 kwamba aolewe kwanza, azae, halafu ndiyo afikirie kifuko, amemshauri vibaya.

Na kwa watoto wachanga faraja hii inaua kabisa. Teratoma ya kifandugu ni uvimbe mwingine, una tishu za aina nyingi ndani yake, na hutokea takriban kwa mtoto mmoja kati ya 35,000 hadi 40,000 wanaozaliwa, wengi wao wa kike. Ukining'inia nje kila mtu anauona, lakini aina ya nne katika mpangilio wa Altman imejificha yote ndani, mbele ya sakramu. Wazazi huambiwa, na babu na bibi husisitiza, kwamba mtoto aachwe akue kidogo apate nguvu ya kuhimili nusu kaputi. Uchambuzi wa Altman na wenzake wa mwaka 1974, uliokusanya watoto 405, ulionyesha kwamba kabla ya miezi miwili uvimbe wenye saratani ulikuwa kama mmoja kati ya kumi au pungufu, na baada ya hapo ulifika karibu nusu kwa wasichana na theluthi mbili kwa wavulana. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na kwamba vilivyojificha hugunduliwa kwa kuchelewa. Hata hivyo, hakuna tafsiri ya namba hizo inayompa mzazi sababu ya kungoja mtoto anenepe. Uvimbe huo huondolewa mapema, na huondolewa pamoja na kifandugu, kwa sababu Gross na wenzake walishaonyesha tangu mwaka 1951 kwamba kukiacha mfupa huo ni kuualika urudi.

Familia nazo ziulizwe. Mwaka 1981 Guido Currarino, daktari wa picha wa huko Dallas, alieleza mkusanyiko wa mambo matatu: njia ya haja kubwa iliyo nyembamba au isiyokaa sawa, sakramu iliyopungua upande mmoja, na uvimbe mbele yake. Hali hiyo hurithiwa, na kuharibika kwa jeni moja katika kromosomu ya saba kumetambuliwa kuwa chanzo cha kesi nyingi. Mama mwenye mtoto anayefunga choo tangu kuzaliwa, ambaye naye mwenyewe amefunga choo maisha yake yote, anastahili picha ya eksirei ya sakramu. Mara nyingi anapewa ushauri wa kula mapapai na kunywa maji.

Limebaki jambo la kifuko chenyewe kikishatoka. Katika hospitali zetu nyingi ndugu wa mgonjwa hukabidhiwa chupa yenye formalini na kuambiwa aipeleke maabara, alipie, arudi na majibu. Wengine hawafiki kwa kukosa fedha. Wengine huambiwa hapana haja kwa kuwa kifuko kilikuwa cha maji tu. Hapo kazi yote iliyotangulia inapotea, maana saratani ndogo ya nyuroendokrini haionekani kwa macho mezani pa upasuaji. Kifuko kipelekwe kizima, na gharama ya maabara iingizwe katika gharama ya upasuaji tangu mwanzo ili isiachwe mikononi mwa shangazi mwenye chupa. Mpatholojia akate vipande kutoka pande zote za ukuta, hasa palipo panene. Ripoti itaje aina ya kifuko, iseme kama kuna saratani na ya daraja gani, na iseme kama kingo zilikuwa safi na kama kifuko kilifika kikiwa kimepasuka. Ripoti isiyoyataja hayo mgonjwa airudishe, na daktari wake amsindikize kuirudisha.